Kikapu cha Kalamu cha Mwalimu Vaileth

Mwalimu Vaileth Kyando anastaafu Ijumaa, tarehe 20 Juni 2025, baada ya kuitumikia Shule ya Msingi Bramble Hill, hapa Annandale, kwa miaka ishirini na saba kasoro miezi miwili. Aliingia kwa mlango wa jikoni mwezi Agosti 1998, akiwa na aproni na wavu wa nywele. Anatoka kwa mlango wa mbele akiwa naibu mwalimu mkuu. Kati ya milango hiyo miwili kuna hatua mia na nne. Nimezihesabu mwenyewe wiki hii, kwa sababu yeye hapendi mambo ya kukisia.

Upande wa Kiingereza wa kijitabu hiki umeandikwa na mwalimu mkuu, na umeandikwa vizuri. Humo mtakuta vyeti na tuzo zake zote. Upande huu wa Kiswahili nimepewa mimi, Serah Gitau, karani wa ofisi ya mbele, kwa ajili ya wazazi wetu wanaosoma Kiswahili na wenzetu wa jikoni, wa usafi na wa mabasi. Mwalimu mwenyewe aliomba iwe hivyo, akaweka sharti moja: nisimpambe. Alisema nikiyaandika maisha yake bila kosa lake, nitakuwa nimeandika ya mtu mwingine. Nimefanya kazi naye miaka kumi na tisa na sijawahi kumshinda kwa hoja, kwa hiyo kosa hilo nitalisimulia pale litakapofika.

Alizaliwa Makete, kwenye milima ya Njombe, mwaka 1960. Sisi wengine tukilalamikia baridi ya Januari hapa Virginia, yeye hufungua kitufe kimoja cha koti na kutuambia kwamba kwao, asubuhi za Juni, walikuwa wakivunja barafu kwenye ndoo kabla ya kunawa uso. Mimi ni wa Nyeri, na nilikuja nchi hii nikiamini kwamba baridi ni mali yetu. Alininyang'anya hata hiyo.

Alisomea ualimu, akafundisha madarasa ya chini kwa miaka kumi na minne. Mwaka 1997 alimfuata mumewe, mzee Anatoli, aliyekuwa masomoni hapa, akiwa amemshika mkono binti yao Vumilia, na cheti chake cha ualimu kikiwa ndani ya bahasha ya khaki. Bahasha hiyo ilizunguka ofisi nyingi, na kila ofisi ilimrudishia kwa tabasamu. Ndipo akaomba kazi jikoni kwetu.

Wenzake wa jikoni wanakumbuka kwamba katika wiki tatu alijua majina ya watoto wote waliopita na sinia mbele yake, na si majina tu, bali nani anarudisha chakula bila kukigusa. Siku moja alimfuata mwalimu wa darasa la kwanza akamwambia kwamba msichana fulani hajatafuna kitu kwa siku tatu, anakunywa maziwa tu. Mtoto alikuwa na jino bovu na alikuwa akiogopa kusema. Mwaka uliofuata Mwalimu Vaileth aliondolewa jikoni akawa msaidizi wa darasa, na wapishi walinuna muhula mzima.

Akaanza kusoma upya, tangu chini kabisa. Alianzia chuo cha jamii hapa Annandale, somo moja moja, jioni baada ya kazi. Shahada ya kwanza aliipata mwaka 2006, akawa mwalimu kamili wa watoto wanaojifunza Kiingereza, na papo hapo akafanywa mkalimani wa shule kwa familia zinazozungumza Kiswahili. Ndio mwaka nilioajiriwa mimi. Shahada ya uzamili aliipata mwaka 2011. Tulidhani amemaliza. Mzee Anatoli aliondoa vitabu kwenye meza ya kulia chakula, wakala mezani kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

Sasa tumefika kwenye kosa. Oktoba 2012 kiliitishwa kikao juu ya mvulana wa darasa la pili aitwaye Fahmi. Yeye na baba yake, mzee Khalfan, wameniruhusu kuwataja kwa majina. Familia ilikuwa imetoka Tanga miezi saba kabla. Darasani Fahmi alikuwa hasemi. Mwalimu akimwuliza jambo, aliinamisha macho akakaa kimya. Walimu wake, watu wema kabisa, waliandika kwenye ripoti kwamba mtoto hatazami mtu usoni na haonyeshi dalili ya kuelewa. Ripoti ilipendekeza ahamishiwe darasa dogo, la watoto wenye matatizo makubwa ya kujifunza.

Mzee Khalfan alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha milango huko Manassas. Aliomba ruhusa, akaja na suti ya kijivu na tai, kama mtu anayekwenda kuposa. Mwalimu Vaileth alikaa kati yake na wakubwa sita wa shule, akafasiri kila neno, na akafasiri sawasawa. Nalisema hilo kwa sababu nilikuwepo, mimi ndiye niliyekuwa nikiandika kumbukumbu za kikao. Mwishoni mzee Khalfan aliulizwa kama ana swali au pingamizi. Alimtazama Mwalimu Vaileth kwanza, halafu akatazama meza. "Nyinyi ndio walimu," alisema. "Sisi tumemleta kwenu." Kalamu ilikuwa imekwisha kuwekwa mbele yake. Akaichukua, akatia saini mahali saba.

Kila aliyelelewa kwetu anajua maana ya mtoto wa miaka saba kuinamisha macho mbele ya mwalimu. Maana yake ni kwamba amelelewa. Mwalimu Vaileth alijua, na mimi nilijua. Lakini mkalimani haongezi neno lake, na mtu hampingi mkubwa wake wa kazi mbele ya mgeni. Ndivyo tulivyofunzwa. Tulinyamaza wote wawili tukijiona tuna adabu, na mimi nikaandika kwenye kumbukumbu kwamba mzazi ameridhia.

Fahmi alikaa kwenye darasa lile dogo miaka mitatu. Alifundishwa rangi na maumbo akiwa na umri wa kusoma hadithi ndefu. Hakulalamika, na kutolalamika kwake nako kuliandikwa kwenye faili.

Katikati ya miaka hiyo, Oktoba 2014, familia za Kitanzania zilikodi ukumbi huko Laurel kwa sherehe ya Idi Kubwa. Mwalimu Vaileth na mzee Anatoli, Walutheri wa kuzaliwa, walialikwa, wakaenda. Nje ya ukumbi alimwona Fahmi, sasa ana miaka tisa, amewapanga watoto wenzake ishirini kwenye mistari miwili, anawaeleza kanuni za mchezo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, anaamua ugomvi, anawatazama usoni mmoja mmoja. Kisha mzee mmoja akamwita. Fahmi akaja mbio, akasimama wima, akainamisha macho, akajibu kwa sauti ndogo. Mzee akampapasa kichwa, akamwachia. Mtoto akarudi kwa wenzake na sauti yake ikarudi ilivyokuwa.

Mzee Anatoli anasema mkewe aliiacha sahani ya pilau mezani ikiwa haijaguswa, akaomba warudi nyumbani. Jumatatu saa moja asubuhi alikuwa mlangoni kwa mwalimu mkuu wa wakati ule. Alisikilizwa kwa heshima. Kisha akaelezwa kwamba kikao cha namna ile huitishwa upya na mzazi, au na kiongozi wa shule mwenye leseni ya uongozi. Mkalimani haitishi kikao. Mzee Khalfan alipopigiwa simu na shule kuulizwa kama anataka kikao kipya, alijibu kwamba walimu ndio wanaojua. Mtu wa kumweleza vinginevyo alikuwa Mwalimu Vaileth, na kumweleza maana yake ilikuwa kukiri kwamba alijua tangu siku ya kwanza. Alishindwa. Aliona aibu, na ameniruhusu niiandike aibu hiyo kwa herufi zake zote.

Basi akahangaika kwa njia ndefu, ya kuwaomba wakubwa mmoja baada ya mwingine, hadi vipimo vipya vikafanywa. Septemba 2015 Fahmi alirudishwa darasa la kawaida, darasa la tano, huku akiwa nyuma sana ya wenzake. Mwalimu Vaileth alijua kwamba mambo yalitengenea kwa sababu hatimaye mkubwa mmoja alilifikisha jambo hilo mezani, na kwamba yalichelewa kwa sababu yeye hakuwa na kiti pale mezani. Januari 2016, akiwa na miaka hamsini na mitano, akaanza kusomea shahada ya utaalamu wa elimu katika uongozi.

Hii ndiyo shahada iliyouliziwa na wengi na kueleweka na wachache. Hapa Marekani mwalimu akishamaliza uzamili anaweza kuisomea. Iko juu ya uzamili na chini ya uzamivu, na njia hiyo humpeleka kwenye leseni ya kuongoza shule. Kanisani walimwuliza kama sasa wataanza kumwita daktari. Aliposema hapana, wakamwuliza basi ni ya nini. Wengine walimwambia kwamba watu wa umri wake wanahesabu miaka ya pensheni, si ya masomo. Mzee Anatoli naye aliuliza, mara moja tu na kwa upole, halafu akavirudisha vitabu kwenye meza ya kulia chakula kwa mikono yake mwenyewe.

Masomo yalikuwa Manassas kila Jumamosi. Hapa lazima niseme jambo analolionea haya kidogo: Mwalimu Vaileth haendeshi gari kwenye haiwei, zile barabara kuu za mwendo kasi. Magari yanayoingia kutoka pembeni yanamtoa roho. Kwa miaka mitatu na nusu alikwenda na kurudi kwa njia za mitaani, akipita kila taa ya barabarani iliyopo kati ya Annandale na Manassas. Dereva wetu Kipngetich alipiga hesabu kwamba angeweza kufika nusu saa mapema zaidi. Alijibiwa kwamba taa nyekundu ni mahali pazuri pa kurudia somo.

Siku za kazi alifika shuleni saa kumi na mbili asubuhi, akaketi jikoni pamoja na wenzake wa zamani, akasoma mpaka basi la kwanza. Mzee Khalfan, akielekea kiwandani, alikuwa akimshusha Fahmi mapema. Basi wakawa wawili, kila mmoja na kitabu chake kwenye kona ya meza ya chuma, mama wa miaka hamsini na sita na mvulana wa miaka kumi na moja, na wapishi wakiwapitishia mkate. Yeye alikuwa akisoma sheria za elimu. Fahmi alikuwa akipambana na hesabu za sehemu. Sijui nani alimtia mwenzake moyo zaidi.

Halafu kulikuwa na mafunzo kwa vitendo. Alitakiwa kumfuata mwalimu mkuu hatua kwa hatua kwa mamia ya saa, akiwa na daftari mkononi. Mwalimu mkuu huyo alikuwa na miaka thelathini na minne, na mwenye daftari alikuwa ameanza kufundisha kabla huyo mwingine hajazaliwa. Alimfuata kwa unyenyekevu wote, hata kwenye zoezi la moto, ambapo mwalimu mkuu alisahau orodha ya majina ndani na Mwalimu Vaileth akawaita watoto wote kwa kichwa.

Kazi ya mwisho ya shahada ilikuwa utafiti. Angeweza kuchagua mambo mepesi. Alichagua ukimya wa wazazi wageni katika vikao vya shule, na hakutaka kuandika juu ya vikao vya watu wengine huku akikificha cha kwake. Ili akiandike, ilibidi apate ruhusa ya mzee Khalfan.

Kwetu mtu haendi kukiri kosa peke yake. Huchukua mtu mzima wa kusimama naye, na huyo ndiye anayefungua maneno. Jumapili moja ya Aprili 2018 alikwenda na mzee Anatoli hadi nyumbani kwa mzee Khalfan, aliyekuwa amehamia Manassas karibu na kiwanda, wamebeba sukari na majani ya chai. Alinialika mimi pia, kwa kuwa nilikuwepo siku ile ya 2012. Nilimwambia nina homa. Waliyonisimulia waliporudi ni haya. Mzee Anatoli alifungua maneno, akaeleza kilichowaleta, akanyamaza. Mwalimu Vaileth akaeleza kila kitu: kwamba alijua macho yale yana maana gani, kwamba alikaa kiti cha pili kutoka kwa baba wa mtoto akiwa na jambo la kusema, na hakulisema. Mzee Khalfan alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo Mwalimu Vaileth ameyakariri mbele yangu mara nyingi. "Mwalimu, mwanangu nilikuwa namjua. Nilikutazama wewe. Nikaona umenyamaza, nikasema moyoni, huyu ni mwenzetu, kungekuwa na neno angelisema."

 Halafu mama wa nyumba akaleta chai, akaimimina, na mzee Khalfan akamsogezea Mwalimu Vaileth kikombe cha kwanza. Ruhusa ilipatikana hivyo, bila karatasi. Karatasi ya chuo ilijazwa wiki iliyofuata.

Maneno hayo ya mzee Khalfan yamo ukurasa wa kwanza wa utafiti wake, kwa Kiswahili kama yalivyosemwa, tafsiri ikiwa chini. Msimamizi wake alishauri yahamishiwe nyuma, kwenye viambatisho. Mwalimu Vaileth alimshukuru sana kwa ushauri, na akayaacha pale pale. Alihitimu Mei 2019, akiwa na kitenge cha kijani chini ya joho. Vumilia alilia, mzee Anatoli alilia, na mwenye shahada aliwauliza kama wamekumbuka kulipia maegesho.

Leseni haikumpa kiti moja kwa moja. Aliomba unaibu mara mbili akakosa. Mara ya tatu, Julai 2020, shule ikiwa imefungwa na usaili ukifanywa kwenye kompyuta, aliulizwa anakusudia kukaa kazini muda gani. Alijibu miaka mitano, na hata siku moja hataongeza. Wakampa. Leo mnaona kwamba alisema kweli.

Watoto waliporudi shuleni, alileta kikapu kidogo cha mianzi alichotoka nacho Makete, akakiweka juu ya kistuli nje ya chumba cha vikao. Kila anayeingia anaacha kalamu yake humo: mwanasaikolojia, wataalamu kutoka ofisi kuu, hata mwalimu mkuu. Katika kikao cha Mwalimu Vaileth hakuna mzazi anayetia saini. Mzazi hubeba karatasi nyumbani, hukaa nazo siku tatu, huziulizia kwa anayemwamini, kisha hurudi. Mkalimani hakai katikati tena, anakaa ubavuni kwa mzazi, na ana ruhusa ya kuinua mkono na kukisimamisha kikao wakati wowote, hata kama anayesema ni mkubwa namna gani.

Watu walinung'unika, kwa sababu siku tatu ni nyingi kwa wenye haraka. Mtaalamu mmoja alikamatwa na kalamu kwenye soksi, na hadi leo sijui alikusudia kuifanyia nini. Lakini wazazi walianza kurudi wakiwa na la kusema. Mama mmoja wa Kikongo alirudi na maswali kumi na moja, yameandikwa kwa Kifaransa nyuma ya bahasha. Baba mmoja kutoka Kisii alirudi na kaka zake wawili, na viti vikaongezwa. Mimi, kama mwandishi wa kumbukumbu, ndiye pekee niliyeruhusiwa kubaki na kalamu. Katika kila kikao Mwalimu Vaileth alinitazama kabla sijaandika neno "ameridhia."

Mwezi uliopita aliongoza kikao chake cha mwisho. Mkalimani aliyeletwa alikuwa kijana wa miaka ishirini, mwanafunzi wa chuo cha jamii hapa Annandale, aliyefaulu mtihani wa ukalimani majira haya ya kuchipua. Alikuwa Fahmi. Mwalimu Vaileth hakujua ni nani atakayeletwa. Mimi nilijua, maana jina lilipita mezani kwangu, na kwa mara nyingine sikusema, ila safari hii nilinyamaza kwa furaha.

Mzazi alikuwa mama aliyefika kutoka Kigoma mwezi Februari, na kikao kilikuwa juu ya binti yake. Kilikuwa kirefu. Mwalimu Vaileth alikuwa amechoka, kwa kuwa wiki ile kila mtu alitaka kumuaga. Alieleza pendekezo la walimu, Fahmi akafasiri, na mama akaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mwalimu Vaileth akaanza kufunga faili ampe aende nalo nyumbani. Fahmi akainua mkono. "Sorry, Mwalimu, I have to stop," alisema. "Mama hajakubali. Anatuheshimu tu."

Mfikirie alikuwa anafanya nini. Alikuwa kijana wa kwetu, na aliyekuwa akimpinga ni Mwalimu Vaileth, aliyekaa naye jikoni asubuhi kwa asubuhi akimwonyesha hesabu za sehemu. Alimpinga mbele ya wakubwa sita na mgeni. Hata hivyo alimtazama usoni na hakuinamisha macho.  Mwalimu Vaileth alilifungua tena faili, akamgeukia yule mama, akamwuliza kwa Kiswahili binti yake akiwa nyumbani yukoje. Mama akasema kwa dakika arobaini. Niliandika yote, kurasa sita, na neno lile la zamani halimo. Pendekezo lilibadilishwa siku ya tatu.

Walipotoka, Fahmi alimfuata kwenye korido kumwomba radhi, na sasa macho yalikuwa chini. Mwalimu Vaileth alimshika mabega, na akalia. Katika miaka kumi na tisa sikuwahi kumwona akilia kazini. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kalamu yangu, na nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza, na niliumia pia, kwa sababu niliona kwamba kati ya sisi wawili tulionyamaza mwaka 2012, ni mmoja tu aliyekwisha kulipeleka kosa lake Manassas.

Kwa hiyo, Mwalimu, nakuandikia hapa nilichoshindwa kukuambia kwa mdomo. Ile Jumapili ya Aprili sikuwa na homa. Niliogopa. Mzee Khalfan atakuwa ukumbini leo, meza ya nne karibu na dirisha, na nimemwomba mzee Anatoli anisindikize mpaka kwake kabla chakula hakijaanza. Amekubali. Nimeleta sukari na majani ya chai.

Tunamshukuru mzee Anatoli kwa meza aliyoiachia vitabu, na Vumilia kwa mama tuliyemkopa muda mrefu hivi. Agosti watakwenda Makete kwa miezi miwili, kisha warudi na kuhamia Laurel kuwa karibu na wajukuu na kujaribu kupanda viazi nyuma ya nyumba. Kikapu hatachukua, kinabaki kwenye kistuli chake. Ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki umeachwa wazi mumwandikie salamu zenu. Msitafute kalamu mezani, hakuna. Nendeni na ukurasa nyumbani, mfikiri, na mniletee ofisini baada ya siku tatu.

Mwalimu Vaileth, Mungu akupe afya, usingizi wa asubuhi usiokatizwa na basi la shule, na njia tupu zisizo na haiwei. Umetufundisha kusema mbele ya wakubwa, na tutasema. Lakini leo, utakapopita mlango wa mbele na kutukuta tumejipanga pande mbili, tumenyamaza na tumeinamisha macho, usikubali mtu yeyote aliandike hilo kwenye faili. Wewe unajua maana yake.